Kabla hujaamini namba ya damu ya panya wa maabara, uliza nani alimshika

Sindano Nyembamba ameandika:

Wakuu, salaam zenu. Kila nikipita humu nakuta watu wanabishana mpaka povu juu ya dawa fulani kushusha sukari kwa panya, nyingine kupandisha chembe nyeupe, na kila mmoja anabandika jedwali lake. Sijaona hata mmoja akiuliza damu yenyewe ilichukuliwaje. Kazi yangu ni hiyo hiyo ya kuchukua damu za wanyama wa utafiti, kwa hiyo mtaniwia radhi nikianzia upande wa sindano.

Mnyama akiingiwa na hofu, damu yake inabadilika kwa awamu mbili. Ya kwanza ni ya sekunde tu. Mishipa ya fahamu inaamsha sehemu ya ndani ya tezi za adrenali, zile zinazokaa juu ya figo, na adrenalini inamwagika kwenye damu. Ini linavunja akiba yake ya glaikojeni na kuachia sukari, mafuta yaliyohifadhiwa yanaachia asidi zake, na mnyama akijinyonganyonga mkononi misuli inazalisha asidi ya laktiki. Awamu ya pili inakwenda kwa hatua: haipothalamasi, sehemu ya ubongo, inaisukuma tezi ya pituitari iliyo chini yake, pituitari inatoa homoni ya ACTH, nayo ACTH inaliamsha gamba la nje la tezi zile zile za adrenali litoe kotikosteroni, homoni ya msongo. Mlolongo huo unachukua kama dakika 3 kabla kipimo hakijaanza kuona kupanda. Kilele kinafika kati ya dakika 15 na 30, na kushuka kunaweza kuchukua saa nzima au zaidi.

Sasa weka hapo mkono wa mtu. Panya mdogo (yule wa "mouse", si panya mkubwa wa "rat") wa gramu 25 ana damu isiyofika hata mililita 2 mwilini mwake kote, na kwa kawaida hutakiwi kumtoa zaidi ya asilimia 10 kwa mkupuo mmoja. Hiyo ni chini ya mililita 0.2, matone machache. Unamwingiza kwenye mrija kichwa mbele, mguu mmoja wa nyuma unabaki nje. Unanyoa manyoya ya upande wa nje wa paja, unapaka mafuta mazito kidogo ili tone lisisambae, unabana ngozi mpaka mshipa utokeze, unachoma, unakinga tone kwa kijirija cha kioo. Aliyezoea anamaliza kabla ya dakika 2. Anayejifunza anaukosa mshipa, anageuza mguu, anachoma tena, na matone anayoyapata dakika ya 6 yana kotikosteroni ambayo haikuwemo alipofungua kizimba. Panya ni yule yule, majibu mawili.

Na msidhani kisa ni sindano tu. Mwaka 1980 Gärtner na wenzake walichapisha kazi juu ya panya wakubwa ("rat") ambao mwanzoni walihamishwa tu wakiwa ndani ya kizimba chao. Kuhamisha kizimba peke yake kulitosha kupandisha homoni kadhaa, prolaktini na kotikosteroni zikiwemo. Ushauri wao ulikuwa damu iwe imeshapatikana ndani ya sekunde 100, na saa inaanza kuhesabiwa pale kizimba kinapoguswa.

Ndiyo maana nasema jedwali lisiloeleza nani alishika, saa ngapi, na kwa muda gani, mimi nalisoma nusu nusu. Karibuni.

Nyuki Mkali ameandika:

Mkuu umeeleza vizuri ila naona unakuza jambo. Kundi la ulinganisho, lile lisilopewa dawa, ni la nini basi? Makundi yote mawili yanashikwa na mtu yule yule na kuchomwa sindano ile ile. Msongo wa huku unakatana na msongo wa kule, tofauti inayobaki ni ya dawa. Hayo tulifundishwa wote.

Chumvi Kidogo ameandika:

Navuta kiti. Nyuki ameshang'ata.

Bint Hisabati ameandika:

Kaka Nyuki, hoja yako ingesimama kama msongo ungempandisha kila mnyama kwa kiasi kile kile. Haufanyi hivyo. Mmoja anatulia kwenye mrija, mwenzake anapigana mpaka mwisho. Ukifanya wastani, wastani unaweza kulingana kati ya makundi, sawa, lakini mtawanyiko ndani ya kila kundi umeshatanuka.

Hapo ndipo gharama inapoingia. Idadi ya wanyama unaowahitaji ili kuiona tofauti ile ile inakwenda na mraba wa mtawanyiko. Mtawanyiko ukiwa mara 2, unahitaji wanyama mara 4. Kama ulipanga panya 8 kwa kila kundi, sasa unahitaji 32, na wengi hawaongezi. Wanabaki na 8 wale wale, wanatangaza kwamba dawa haifanyi kitu, kumbe ilikuwa inafanya ila imezama kwenye kelele.

Kwa hiyo hata msongo usipopendelea kundi lolote, bado umekuharibia.

Sindano Nyembamba ameandika:

Asante dada. Mimi naongeza matatizo mawili ambayo kundi la ulinganisho haliyagusi kabisa.

Tatizo la kwanza ni nafasi ya kupanda. Tuseme unapima kitu kinachopandisha kotikosteroni. Panya aliyetulia asubuhi anaweza kuwa na makumi ya nanogramu kwa mililita. Akibanwa kwenye mrija nusu saa anakwenda kwenye mamia. Sasa kama wote wako kwenye mamia kabla dawa haijafanya kazi, dawa itawapandisha waende wapi? Makundi yatalingana na utaandika kwamba hakuna athari.

La pili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linazaa majibu mazuri ya uongo. Dawa yenyewe inaweza kubadilisha namna mnyama anavyokabili mkono wako. Fikiria mchanganyiko wa majani unaomfanya panya asinzie kidogo. Panya waliopewa hawapigani, wa kundi la ulinganisho wanapigana. Sukari ya hawa wa pili inapanda kwa ajili ya purukushani, na kwenye karatasi inaonekana dawa "imeshusha sukari". Kongosho halikuguswa. Kilichopungua ni fujo.

Halafu kuna foleni. Kizimba kina panya 5, unamtoa wa kwanza, wanne waliobaki wameshajua kuna jambo. Ukimaliza kundi la dawa lote ndipo uingie kundi lingine, umeshawapa hawa wa pili muda wa kutosha kufika kileleni. Nyuki, hapo hakuna kinachokatana na chochote.

Nyuki Mkali ameandika:

La foleni nalikubali, hilo ni kosa la mpangilio na dawa yake ni kuchanganya kwa bahati nasibu. Hilo la kusinzia nalo lina mantiki. Lakini si uwalaze tu wote kwa dawa ya usingizi kabla ya kuchoma? Mnyama aliyelala haogopi.

Sindano Nyembamba ameandika:

Aliyelala haogopi, ila aliogopa alipokuwa anawekwa kwenye boksi la gesi, na dawa za usingizi zina mambo yake. Aisoflureni, gesi ya usingizi, inapandisha sukari. Mchanganyiko wa sindano za usingizi, ketamini na zailazini, unaipandisha sana kwa panya aliyekula, kwa kuwa zailazini inazuia kongosho kutoa insulini. Ukipima sukari kwa panya uliyemlaza kwa mchanganyiko huo, unapima zailazini.

Haina maana tuache kuwalaza. Kuna njia za kuchukua damu ambazo bila usingizi ni ukatili mtupu. Ninachosema ni kwamba usingizi unaondoa msongo mmoja na kuleta badiliko lingine, na lazima uchague lile lisilogusa kipimo chako.

Mzee wa Hadubini ameandika:

Vijana, mambo haya yana umri zaidi ya wenu na wangu. Mwaka 1911, Walter Cannon na wenzake pale Harvard walionyesha kwamba paka aliyefungwa kwenye kishikio anakojoa sukari. Walichukua pia paka wakawaweka kwenye kizimba kidogo na kumleta mbwa anayebweka pembeni. Mbwa hakuwagusa. Sukari ikatokea kwenye mkojo. Paka walioondolewa tezi za adrenali walibwekewa vivyo hivyo na mkojo wao haukuwa na sukari. Nadhani hilo ni jaribio safi kuliko mengi yanayofanyika leo kwa mashine za gharama.

Kwa kuwa Nyuki anapenda mitihani, nimtajie na hili: Cannon anaeleza pia wanafunzi 9 wa udaktari, ambao kwa kawaida hawana sukari kwenye mkojo, wakapimwa baada ya mtihani mgumu. Wanne walikuwa nayo. Baada ya mtihani mwepesi, mmoja tu.

Halafu akaja Hans Selye huko Montreal. Julai 1936 alichapisha barua fupi kwenye jarida la Nature. Panya wake walipigwa baridi, walifanyiwa upasuaji, walichoshwa kwa mazoezi makali, walipewa sumu za kiwango kisichoua, za aina mbalimbali. Wote walionyesha sura ile ile ndani ya mwili: tezi za adrenali zimevimba, tezi ya thaimasi imesinyaa, tumbo na utumbo vina vidonda. Kilichomshtua ni kwamba kisababishi kilikuwa tofauti kila mara, majibu ya mwili yakawa mamoja.

Kijana wa Mwaka wa Pili ameandika:

Shikamoo mzee. Samahani kwa swali la kitoto. Darasani tunasoma kotisoli, humu mnasema kotikosteroni. Je, ni kitu kimoja? Nimeona kuna kiti (kile kiboksi cha vifaa vya kipimo, "kit") cha kupimia kotisoli kwenye maabara yetu, naweza kukitumia kwa panya?

Mzee wa Hadubini ameandika:

Marahaba mwanangu. Si la kitoto, kuna watu wazima wamepoteza sampuli kwa kutouliza hilo. Ni ndugu wawili wa ukoo mmoja. Binadamu, mbwa, nyani na hata simbilisi wanategemea kotisoli. Panya, wadogo kwa wakubwa, wanategemea kotikosteroni, kwa sababu adrenali zao hazina kimeng'enya kimoja kinachohitajika kutengeneza kotisoli. Ukipeleka damu ya panya kwenye kiti cha kotisoli, ama utapata namba ndogo isiyo na maana, ama utapata kivuli cha kotikosteroni iliyonaswa kwa bahati mbaya. Tafuta kiti chake.

Na uwe makini na saa. Panya ni mnyama wa usiku. Kotikosteroni yake iko chini kabisa asubuhi taa zinapowaka, inapanda alasiri, na kilele chake ni pale giza linapoingia. Sampuli za asubuhi na za jioni usizichanganye kwenye safu moja.

Mama Slaidi ameandika:

Nyote mmekazana na sukari na homoni. Mimi nahesabu seli, na huku nako kuna vituko.

Chukua aina tatu za chembe nyeupe. Mnyama akipata msongo, neutrofili zinapanda kwenye damu, limfosaiti zinashuka, na eosinofili zinaweza kutoweka kabisa kwenye slaidi. Msomaji mgeni akiona hivyo anaandika "maambukizi" au "kinga imeporomoka". Mara nyingi hakuna kilichokufa. Neutrofili nyingi huwa zimejibandika kwenye kuta za mishipa. Adrenalini na homoni za adrenali zinazibandua, nazo zinaingia kwenye mkondo na kuhesabiwa. Limfosaiti zenyewe zinahama damu na kwenda kwenye ngozi, uboho na tezi za limfu. Firdaus Dhabhar alilifuatilia hilo kwa panya, na akaeleza kwamba ni askari wanaotoka kambini kwenda kwenye vituo. Msongo ukiisha, hesabu zinarudi.

Wafugaji wa kuku wa utafiti wanajua hili siku nyingi. Tangu Gross na Siegel walipoandika mwaka 1983, uwiano wa heterofili (ndizo neutrofili za kuku) kwa limfosaiti unatumika kama kipimo cha msongo kwa kuku. Kizuri chake ni kwamba uwiano huo hauna haraka ya kotikosteroni. Unabadilika kwa saa, kwa hiyo dakika zako 3 hazikubani.

Ushauri wangu mmoja: ukiona limfosaiti zimeshuka kwa kundi la dawa, angalia kama eosinofili nazo zimeshuka na neutrofili zimepanda. Zikienda zote tatu pamoja, kwanza shuku mkono, halafu shuku dawa.

Daktari wa Paka ameandika:

Nimecheka Mzee alipomtaja paka wa Cannon, maana mimi nakutana naye kila wiki. Paka ndiye bingwa wa kukudanganya. Akishikwa kwa nguvu, sukari inaweza kupita 10 mmol/L, na wengine wanafika kiwango ambacho figo zinaanza kuimwaga kwenye mkojo. Rand na wenzake mwaka 2002 walionyesha kwamba kupanda huko kunakwenda sambamba na kupigana, pamoja na laktiki na noradrenalini. Paka anayeogopa kimya kimya hapandi vile.

Kwa hiyo kumtofautisha paka mwenye kisukari na paka mwenye hasira tunapima fruktosamini, inayobeba picha ya sukari ya wiki moja hadi mbili zilizopita. Hasira ya dakika 5 haiifikii.

Kwa mbwa na farasi kuna jingine. Bandama lao ni ghala la seli nyekundu. Adrenalini inalikamua, na kiwango cha seli nyekundu kinapanda ghafla. Mtu anasema mnyama amekaukiwa maji, au lishe mpya imeongeza damu.

Chumvi Kidogo ameandika:

Kwa hiyo farasi akiona sindano tu, damu inaongezeka. Mimi nikiona sindano yangu inakimbia.

Nyuki Mkali ameandika:

Sawa, nimeelewa mnakoelekea, ila sasa mnafika mahali ambapo hakuna kinachopimika. Kizimba kikiguswa, msongo. Usingizi, msongo. Saa mbaya, msongo. Tufunge maabara?

Sindano Nyembamba ameandika:

Tusifunge, Nyuki. Mengi ya haya yana ufumbuzi wa bei ndogo, tatizo ni mazoea.

Chukua namna ya kumshika panya mdogo. Karibu kila mtu amefundishwa kumwinua kwa mkia. Mwaka 2010 Jane Hurst na Rebecca West walichapisha kwenye Nature Methods kazi iliyolinganisha mkia, viganja viwili vilivyokunjwa, na bomba la plastiki ambalo panya anaingia mwenyewe. Walioinuliwa kwa mkia waliukwepa mkono na kuonyesha wasiwasi zaidi. Wa bomba na wa viganja walikuja wenyewe kunusa. Kazi nyingine za baadaye zikaonyesha tofauti hiyo inafika hadi kwenye damu, sukari na kotikosteroni zote. Bomba la plastiki, jamani. Linakaa humo humo kizimbani, na panya wanalitumia kama maficho.

Kumzoesha nako kunafaa. Panya anayeingizwa kwenye mrija kila siku, siku za mwisho kotikosteroni yake haipandi kama ya siku ya kwanza. Kwa hiyo mzoeshe kabla ya jaribio, siku ya damu isiwe ndiyo siku yake ya kwanza kuuona mrija. Tahadhari moja: aliyezoea msongo wa aina moja anaweza kushtuka kupita kiasi ukimletea wa aina mpya. Ukimzoesha mrija halafu siku ya kipimo ukabadilisha chumba, umerudi nyuma ya pale ulipoanzia.

Kama unahitaji sampuli nyingi kwa siku moja, weka katheta, kijirija chembamba, kwenye mshipa wa shingo kwa upasuaji, mwache apone, halafu vuta damu kwa mrija mrefu akiwa anatembea zake. Huko hakuna kushika kabisa.

Na jambo la kufunga chakula. Watu wanawanyima panya wadogo chakula usiku kucha kabla ya kupima sukari, kwa sababu binadamu hufanya hivyo. Panya anakula usiku! Umemnyima mlo wake mkuu, uzito unashuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi, glaikojeni ya ini inaisha, na njaa hiyo yenyewe inapandisha kotikosteroni. Kumfunga kwa muda wa saa 5 au 6 tu, kuanzia asubuhi, kunatosha kwa majaribio mengi.

Bint Hisabati ameandika:

Na mwandike aliyeshika alikuwa nani. Mwaka 2014 timu ya Jeffrey Mogil, wa Chuo Kikuu cha McGill, ilitoa karatasi kwenye Nature Methods: panya wakiwa karibu na mtafiti mwanaume, au hata na fulana aliyoivaa mwanaume, wanapata msongo unaopandisha kotikosteroni na kupunguza dalili zao za maumivu. Wanawake hawakuwaletea hali hiyo. Harufu ya madume wa wanyama wengine ilifanya kazi vivyo hivyo.

Maana yake kitakwimu ni kwamba kama asubuhi anachoma Juma na mchana anachoma Asha, hilo ni badiliko linalotakiwa kuwa na safu yake kwenye jedwali.

Chumvi Kidogo ameandika:

Dada, fulana peke yake? Mwenye fulana hayupo?

Bint Hisabati ameandika:

Hayupo. Fulana tu.

Chumvi Kidogo ameandika:

Basi leo nafua.

Nyuki Mkali ameandika:

Hili la fulana limenivunja nguvu. Lakini bado nina moja: mnazungumzia msongo wa kitu cha nje, mkono, baridi, harufu. Vipi msongo ambao ni wa kichwani tu? Mnyama ana hofu ya kufikirika au hizo ni hisia zetu tunambebesha?

Mzee wa Hadubini ameandika:

Swali zuri, na kuna majaribio mawili nayapenda.

La kwanza ni la John Mason, miaka ya 1960. Aliona kila mtu anasema njaa ni msongo kwa sababu tumbili wakinyimwa chakula homoni zao za adrenali zinapanda. Akajiuliza kama ni njaa, au ni kuona wenzako wanapewa na wewe unapitwa. Akawapa tumbili wake vidonge vyenye ladha ya chakula cha kawaida ila visivyo na lishe yoyote, akawatenga na fujo za wengine. Tumbo lilikuwa na kitu, mwili haupati chochote. Homoni hazikupanda. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kilichoitwa msongo wa njaa ilikuwa ni ule ugeni na kukatishwa tamaa.

La pili ni la Dietrich von Holst wa Ujerumani, 1972. Alitumia tupaya, wanyama wadogo wa Asia ya Kusini-Mashariki wanaofanana na kindi. Ukiweka dume mgeni kwenye eneo la dume mwenyeji, wanapigana muda mfupi na mmoja anashindwa. Von Holst akawatenganisha kwa wavu. Hakuna kuumana tena, ila aliyeshindwa anamwona mshindi siku nzima. Manyoya ya mkia wake yanasimama, na unaweza kupima ni sehemu gani ya siku yanakaa hivyo. Analala chini kwenye kona, anafuata kwa macho kila hatua ya yule mwingine. Ndani ya siku au wiki anakufa, na ukipima damu yake, urea, uchafu unaotakiwa kutolewa na figo, imejaa: figo zimesimama, kwa kuwa damu ya kuzifikia imebanwa. Hana jeraha la kumuua. Ukiweka ubao usiopenyeza macho badala ya wavu, anaishi.

Sijui kama hiyo tuiite hofu ya kufikirika. Urea yake haikuwa ya kufikirika.

Mama Slaidi ameandika:

Mzee hiyo ya tupaya nilikuwa siijui. Inanifanya niwaangalie upya madume tunaowapanga vizimba vinavyotazamana.

Daktari wa Paka ameandika:

Na vizimba vya paka vinavyotazamana na vya mbwa. Ukimpima sukari hapo unarudia jaribio la 1911 bila kujua.

Kijana wa Mwaka wa Pili ameandika:

Asanteni wakuu. La mwisho kutoka kwangu. Mradi wangu ni wa kelele za mashine kwenye chumba cha panya, nataka kujua kama zinawasumbua kwa muda mrefu. Nikichukua damu kila mara, mimi mwenyewe ndiye nitakuwa msumbufu mkubwa kuliko mashine. Nifanyeje?

Sindano Nyembamba ameandika:

Acha damu, chukua kinyesi. Kotikosteroni ikivunjwa ini linaipitisha kwenye nyongo, na mabaki yake yanatoka na kinyesi. Mnyama hahitaji kuguswa, unaokota tu. Ila hesabu ucheleweshaji: kwa panya mdogo, kilichompata kinaonekana kwenye kinyesi baada ya saa kadhaa, hadi kama 10, kwa hiyo panga muda wa kuokota kwa kurudi nyuma kutoka pale. Kiti unachotumia nacho kiwe kimethibitishwa kwa mabaki ya mnyama huyo na jinsia hiyo, kwa sababu dume na jike hawavunji homoni sawasawa. Kwenye kizimba chenye panya wengi hutajua kinyesi ni cha nani, kwa hiyo ama upime kizimba kizima kama kitu kimoja, ama uwatenganishe, na kuwatenganisha ni msongo mwingine kwao. Mimi ningepima kizimba kizima.

Na kelele yenyewe usiipime kwa sikio lako. Binadamu anaishia kilohezi 20 hivi, panya wanasikia mpaka kilohezi 80 na kuendelea. Chumba kinaweza kuwa kimya kabisa kwako na mashine ikawa inapiga mayowe kwao. Azima maikrofoni ya sauti za juu, weka usawa wa kizimba, rekodi usiku na mchana kabla hujaokota hata punje moja.

Kijana wa Mwaka wa Pili ameandika:

Je, nipime kizimba kikiwa kwenye rafu yake au nikishushe?

Sindano Nyembamba ameandika:

Kwenye rafu yake. Tena ukiingia kuweka maikrofoni, toka nje, funga mlango, na usihesabu saa ya kwanza.